Ukoo Mzima Wahamishwa kwa Kushukiwa

Kuna mithali isemayo, "Samaki mmoja akioza, huoza wote." Mithali hii ni njema kwa muuza samaki, lakini ni ya hatari kinywani mwa mtawala. Hatari hiyo ilionekana wazi katika nchi ya Kericho na Bomet, kwenye vilima ambavyo leo vimefunikwa na majani ya chai.

Watalai ni ukoo ulio miongoni mwa Wakipsigis na Wanandi. Katika ukoo huo walitoka wale walioitwa Orkoiyot, viongozi walioaminiwa kuwa huona mambo yajayo, ambao wapiganaji waliwaomba baraka kabla ya kwenda vitani. Waingereza waliwaita malaiboni. Mmoja wao, Koitalel arap Samoei, aliwaongoza Wanandi kupigana na Waingereza mpaka tarehe 19 Oktoba, 1905, alipokwenda katika mazungumzo ya amani, akauawa na Kapteni Richard Meinertzhagen na askari wake. Ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, alikaa kwa Wakipsigis. Naye alihamishwa mbali na watu wake mwaka wa 1914, akafia huko uhamishoni.

Vita vilikwisha, lakini shaka haikwisha. Ng'ombe wakiibwa, au maneno ya uasi yakisikiwa, maofisa walisema kwamba mkono wa Watalai umo. Mwisho, katika mwaka wa 1934, Serikali ya koloni ilitunga sheria ya kuwaondoa malaiboni. Kwa sheria hiyo watu wapatao 700 walihamishwa, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mwenye hatia na asiye na hatia, kikongwe na mtoto mchanga, wote walikwenda. Kericho ni nchi ya baridi na mvua nyingi. Gwassi ilikuwa nchi ya joto, mbung'o na malaria. Wengi walikufa, na mifugo yao pia. Walikaa huko mpaka mwaka wa 1962.

Labda msomaji atauliza: Je, serikali haina haki ya kujilinda? Inayo. Lakini iko njia ya kujilinda kwa haki, na hata watu walio vitani wameijua. Katika mwaka wa 1778, Wamarekani walipokuwa wakipigania uhuru wao, seremala mmoja wa mji wa bandari wa Philadelphia, jina lake Abraham Carlisle, alishitakiwa kwa uhaini kwa sababu alilinda lango la mji kwa ajili ya jeshi la Waingereza. Alinyongwa, ingawa watu wengi waliomba asamehewe. Hukumu ile ilikuwa kali mno. Hata hivyo Carlisle alisimama mbele ya mahakama, akasomewa shitaka lake, akawa na wakili wa kumtetea. Mtoto wa Kitalai hakusomewa shitaka lo lote, kwa kuwa kosa lake lilikuwa ni kuzaliwa tu.

Waliporudi kutoka Gwassi, wengi hawakupata tena ardhi ya baba zao, wakabaki kuwa maskini karibu na mji wa Kericho. Miaka mingi ikapita. Katika mwaka wa 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya iliamua kwamba walidhulumiwa, na mwaka wa 2022 Watalai na Wakipsigis walipeleka malalamiko yao mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Jambo lililotendwa kwa haraka limekuwa deni la wajukuu.

Sisi tulio wakulima na makarani huenda hatutatunga sheria kamwe, lakini twahukumu kila siku. Jirani akiibiwa, mara twasema, "Ni watu wa ukoo fulani." Ndugu msomaji, kabla hujatamka neno hilo, uliza kwanza: Ni nani hasa? Alitenda nini? Na ni nani aliyemwona? Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu, afadhali anyamaze.