Wakia Isiyopimwa: Istilahi za Fedha katika Enzi ya Sultani Hassan wa Kwanza wa Moroko

Mfasiri akutanapo na neno geni hulitafuta kamusini. Lakini akutanapo na wakia, mithkali, dirhamu, riale au fulusi katika habari za Moroko ya karne ya 19, aghalabu hupita bila kusita, kwani maneno hayo yamo katika lugha yetu tangu zamani. Kosa huingia hapo.

Tutoe mfano. Mwaka 1862 serikali ya Moroko iliamuru kwamba riale moja ya Kihispania ihesabiwe kuwa sawa na wakia 32 na nusu. Kwa Kiswahili wakia ni uzito wa gramu 28 hivi. Msomaji akipiga hesabu atapata riale moja yenye uzito wa zaidi ya gramu 900, karibu kilo nzima ya fedha! Ukweli ni kwamba wakia ya Wamoroko ilikuwa imekwisha kuacha kuwa uzito. Lilikuwa jina la kuhesabia tu: muzuna 4 zilifanya wakia 1, na wakia 10 zikafanya mithkali 1. Bei na kodi zilitajwa kwa majina hayo, lakini kilichotolewa mkononi kilikuwa ama riale za kigeni ama fulusi, ambazo kule hazikuwa fedha kwa jumla kama zilivyo kwetu, bali vipande vidogo vya shaba. Kadiri fulusi zilivyoshuka thamani, ndivyo na wakia ilivyozidi kunywea.

Hali hiyo aliirithi Sultani Hassan wa Kwanza alipotawazwa mwaka 1873. Vita vya Tetuan vya 1859 hadi 1860 vilikuwa vimekwisha kwa Uhispania kudai fidia ya riale milioni 20, na hazina ikakaukiwa. Sultani huyo, ambaye alitumia sehemu kubwa ya utawala wake safarini pamoja na jeshi, akitiisha makabila na kukusanya kodi, alihitaji fedha ambayo jina lake na uzito wake vinapatana. Basi katika mwaka 1299 wa hijria (1881/82) zilianza kutoka sarafu zake mpya za fedha, zilizopigwa Paris. Kubwa kupita zote ilikuwa riale ya dirhamu 10, yenye uzito wa gramu 29.1 hivi. Kila dirhamu, kwa hiyo, ilikuwa gramu 2.91, yaani dirhamu ya kisheria ya zamani. (Riale ya Seyyid Barghash wa Unguja nayo ina tarehe ya mwaka huo huo wa 1299.)

Kwa muda, basi, dirhamu ilikuwa uzito na sarafu kwa pamoja. Lakini kipande cha faranga 5 cha Ufaransa na kile cha peseta 5 cha Uhispania vilikuwa na gramu 25 tu kila kimoja, na sokoni vilipokewa sawasawa na riale ya Sultani. Aliyekuwa na riale nzito aliona faida kuiyeyusha au kuipeleka nje kuliko kuitumia. Sultani Hassan alifariki mwaka 1894. Mwaka 1320 wa hijria (1902/03) mwanawe, Abdelaziz, alitoa riale ya gramu 25, nayo bado ikahesabiwa kuwa dirhamu 10. Dirhamu ikawa imeachana na uzito wake, kama wakia ilivyofanya kabla yake. Na watu wakaendelea kuziita fedha hizo za Hassani.

Kutokana na hayo tunapendekeza kwamba mfasiri atofautishe mambo matatu: uzito, sarafu, na kile tunachokiita fedha ya hesabu, yaani fedha inayotajwa katika bei na daftari bila ya kuwapo kipande chenye jina hilo. Aandike wakia ya hesabu na mithkali ya hesabu, walau mara ya kwanza. Wako watakaosema kwamba maneno yanarefuka. Sisi tunaona afadhali urefu kuliko riale ya kilo moja. Riale nayo isiachwe peke yake, kwani msomaji wa pwani atafikiria ile ya Maria Theresa: iandikwe riale ya Hassani au riale ya Kihispania.

Kuhusu kitenzi, tunachagua kupiga sarafu badala ya kutengeneza. Sarafu zenyewe zina maneno ya Kiarabu duriba bi-Baris, yaani "imepigwa Paris", na mzizi huo ndio uliotupatia dharuba.

Cheo cha Hassan ni sultani. Mfalme ni cheo kilichoanza kutumika rasmi Moroko mwaka 1957, wakati wa Mohammed wa Tano. Vivyo hivyo dirhamu iliyoanzishwa huko mwaka 1960, kwa thamani ya faranga 100 za Moroko, ni fedha nyingine kabisa, na kiasi cha dirhamu za 1882 kisilinganishwe nayo.