Gesijoto za Uchukuzi Kaskazini mwa Kanada: Pa Kuanzia ni Wapi?

Northwest Territories ni eneo la kaskazini mwa Kanada lenye kilomita za mraba zipatazo milioni 1.3. Linaizidi Tanzania kwa zaidi ya theluthi, lakini sensa ya 2021 ilihesabu humo watu 41,070 tu. Karibu nusu yao wanaishi Yellowknife, mji mkuu, na waliobaki wametawanyika katika miji midogo na vijiji, ambavyo baadhi yake havina barabara ya mwaka mzima. Chakula, saruji, vipuri na mafuta vinatoka mbali, na ndiyo maana uchukuzi umekuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya gesijoto katika eneo hilo.

Mwaka 2018 serikali ya eneo ilitoa mkakati wa nishati wenye lengo la kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 ifikapo 2030, ikilinganishwa na 2005. Kwa uchukuzi peke yake lengo ni dogo zaidi: asilimia 10 kwa kila mkazi. Ili kuelewa kwa nini sekta inayochafua sana imepewa lengo jepesi, inabidi tuichambue hesabu yenyewe.

Tuanze na msingi. Gesijoto ni gesi zinazozuia joto la dunia lisipotelee angani, na inayotoka kwa wingi kwenye magari ni hewa ukaa. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa; lita ya dizeli hutoa kama kilo 2.7. Viwango hivyo havipungui kwa ustadi wa dereva wala kwa upya wa injini. Kinachoweza kupunguzwa ni idadi ya lita zinazochomwa, au aina ya nishati inayotumika.

Kwa magari madogo, jibu linalotolewa kwanza ni gari la umeme. Gari hilo halitoi moshi, lakini umeme wake umezalishwa mahali fulani, na hapo ndipo pa kuangalia. Yellowknife na majirani zake hupata umeme wa maji kutoka Mto Snare. Miji ya kusini ya eneo hilo, kama Hay River na Fort Smith, hutumia bwawa la Mto Taltson. Gridi hizo mbili hazijaunganishwa, na hakuna iliyofungamana na gridi kubwa ya Kanada. Vijiji vingi viko nje ya zote mbili, na kila kimoja kina jenereta zake za dizeli.

Tupige hesabu ya mfano kwa safari ya kilomita 100. Jenereta ya dizeli hutoa takriban kilo 0.7 za hewa ukaa kwa kila uniti ya umeme. Majira ya joto, gari la umeme likitumia uniti 20, jenereta itakuwa imetoa kilo 14. Gari la petroli linalokunywa lita 8 litatoa kama kilo 18, kwa hiyo nafuu ipo, ila ni ndogo. Sasa tuingie Januari, nyuzi 30 chini ya sifuri. Betri hufanya kazi kwa shida, na abiria lazima wapashwe joto kwa umeme uleule; matumizi yanaweza kufika uniti 40, yaani kilo 28. Matumizi ya gari la petroli nayo hupanda, tuseme hadi lita 11, sawa na kilo 25. Kijijini penye jenereta, gari la umeme limeshindwa. Yellowknife, kwenye umeme wa maji, gari hilohilo katika baridi hiyohiyo karibu halitoi chochote.

Miundombinu ya mjini pia inasaidia kuliko inavyodhaniwa. Magari mengi ya kaskazini yana hita ya injini, na waya wake wenye plagi huning'inia mbele ya gari. Usiku wa baridi kali mwenye gari huichomeka kwenye soketi iliyopo nje ya nyumba au kwenye maegesho, la sivyo asubuhi injini haiwaki. Kuchomeka gari ni desturi ya miaka mingi huko, kwa hiyo kuchaji gari la umeme usiku si jambo geni. Lakini umeme wa maji una sharti lake: mvua na theluji zikipungua, mto hupungua. Ukame wa 2023 ulipopunguza maji ya Snare, Yellowknife ililazimika kuchoma dizeli zaidi ili taa ziwake.

Baada ya magari madogo, tuangalie mizigo. Kipimo kinachofaa hapa ni tani-kilomita, maana yake kusafirisha tani moja ya mzigo kwa umbali wa kilomita moja. Kwa kipimo hicho, tishari la mtoni hutumia mafuta kidogo sana, lori hutumia zaidi, na ndege hutumia mara kumi ya lori au hata zaidi. Kwa hiyo njia ambayo mzigo unapita inaweza kuwa na uzito zaidi kuliko aina ya injini inayoubeba.

Wakati wa baridi kali malori hupita juu ya maziwa yaliyoganda. Barabara maarufu zaidi ya namna hiyo, Tibbitt hadi Contwoyto, ina urefu wa kilomita zipatazo 400 na huhudumia migodi ya almasi kwa wiki chache tu kila mwaka. Lori lililojaa huhitaji barafu ya unene wa kama mita moja, na haliruhusiwi kuzidi kilomita 25 kwa saa. Uzito wake husukuma maji yaliyo chini ya barafu yawe wimbi linalosafiri nalo. Dereva akiharakisha, wimbi hilo linaweza kuipasua barafu.

Barabara kama hiyo hutegemea baridi, na baridi inapungua. Ripoti ya serikali ya Kanada ya 2019 ilionyesha kwamba kaskazini mwa nchi hiyo joto limeongezeka kwa takriban mara tatu ya wastani wa dunia. Mwaka 2006 msimu wa barafu ulikatika mapema, na migodi ikalazimika kupeleka sehemu ya shehena kwa ndege. Mwaka 2024 maji ya Mto Mackenzie yalishuka kiasi kwamba matishari hayakuweza kufika mji wa Norman Wells na vijiji jirani, na bidhaa zikafikishwa kwa ndege kwa gharama kubwa. Mzunguko unaonekana: joto huharibu njia inayochoma mafuta kidogo, mzigo huhamia kwenye njia inayochoma mengi, na gesijoto huongezeka.

Lipo jambo jingine linalosahaulika. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo ni mafuta yenyewe, ya jenereta na ya kupasha nyumba joto. Kila lita isiyohitajika kijijini ni lita ambayo haitabebwa na lori, tishari wala ndege. Mtambo wa upepo wa megawati 3.5 uliojengwa katika mji wa Inuvik na kuanza kazi 2023 unahesabiwa kama mradi wa umeme, lakini unapunguza pia safari za malori ya mafuta.

Pendekezo la kujenga barabara ya kudumu katika bonde la Mackenzie nalo lina pande mbili. Barabara hiyo itapunguza safari za ndege pale barafu na mto vinapokosekana. Hata hivyo, ujenzi wenyewe huchoma dizeli nyingi, na barabara itapita kwenye ardhi iliyoganda mwaka hadi mwaka. Ardhi hiyo ikiyeyuka, tuta la barabara hutitia na matengenezo hayaishi.

Tukiweka hoja hizi pamoja, mpangilio wa kazi unajitokeza. Ruzuku ya magari ya umeme ielekezwe kwanza kwenye miji ya umeme wa maji, kwa sababu huko faida ni ya hakika tangu siku ya kwanza. Vijijini, jua, upepo na nyumba zinazotunza joto vitangulie. Magari yafuate umeme ukishakuwa safi. Kwa mizigo, fedha za kupima kina cha mto, kuimarisha barabara za barafu na kuweka akiba ya mafuta kabla msimu haujafungwa zihesabiwe kuwa fedha za kupunguza gesijoto, kwa kuwa kila tani inayobaki ardhini au majini ni tani isiyopanda ndege. Tukitazama magari peke yake, lengo la asilimia 10 linaweza kuonekana kuwa ndilo linalowezekana. Tukitazama pia njia za mizigo na chanzo cha umeme, nafasi ya kufanya zaidi ipo, na wakazi wa kaskazini, ambao mchango wao katika joto la dunia ni mdogo huku madhara yakiwafikia mapema, wana haki ya kuona nafasi hiyo ikitumika.