Mshirika au Mwanachama? Istilahi ya Uanachama katika Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki

Sheria ya Vyama ya Kenya (Sura ya 108) hulitazama kanisa kama chama, na chama huwa na wanachama. Katika Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA), hata hivyo, neno hilo halitoshi, kwa kuwa mtu hawi wa kanisa kwa kujaza fomu na kulipa ada. Makala haya yanafafanua jinsi mtu anavyopokewa na kudumu kanisani humo, na uzito wa neno moja katika suala hilo.

Mtoto wa washirika hubatizwa angali mchanga. Ubatizo humwingiza kanisani lakini haumfikishi mezani. Akishapata umri wa kuelewa hufundishwa, kisha huikiri imani kwa kinywa chake mbele ya kusanyiko. Mtu mzima asiyebatizwa hupitia mafundisho kwanza. Anayeamua nani apokewe si mchungaji peke yake, bali baraza la wazee analoliongoza, nalo ndilo lenye orodha ya washirika kamili.

Neno *ushirika* linahitaji kuangaliwa kwa makini. Biblia ya Muungano inalitumia kwa *koinonia* katika Matendo 2:42, na tena kwa kikombe na mkate katika 1 Wakorintho 10:16. Kwa hiyo neno moja limebeba kuwa wa kanisa na kuila Meza ya Bwana. Historia inaafikiana na lugha: Uskoti, kanisa mama, mzee alimpa aliyestahili kipande cha madini, na asiyekuwa nacho hakukaribia meza. (Msikilizaji wa Tanzania huenda akadhani tunazungumzia chama cha wakulima wa kahawa. Utata huo unastahili makala yake.)

Kudumu ni jambo gumu kuliko kupokewa. Mshirika huwa chini ya uangalizi wa mzee wa mtaa wake. Akihama, hutazamiwa kubeba cheti cha kumtambulisha kwa baraza jipya. Akikosa, huweza kuzuiwa mezani hadi arejeshwe. Mfano mzito zaidi ni wa 1929, wakati wamisheni wa Uskoti chini ya Dkt. John Arthur walipowataka washirika wakane tohara ya wasichana pamoja na chama cha Kikuyu Central Association, kwa kutia saini au alama ya kidole gumba. Tamko hilo likaitwa *kirore*, neno la Kigikuyu la alama hiyo. Waliokataa walitengwa, na wengi wakageukia shule na makanisa huru. Mwanachama akifukuzwa chamani hupoteza kura. Mshirika aliyetengwa hupoteza meza na jamaa walioizunguka.

Ibara ya 36 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kujumuika, na mizozo ya makanisa hufika mahakamani. Je, mtoto aliyebatizwa ni mwanachama? Kwa istilahi ya kanisa, yeye ni wa kanisa ila bado si mshirika kamili. Kwa *mwanachama* pekee, tofauti hiyo hupotea. Ninapendekeza tafsiri za katiba za makanisa zitumie *mbatizwa* na *mshirika kamili* kwa hadhi hizo mbili, na *mwanachama* libaki kwenye fomu za msajili, likiambatana na fasili inayotaja ni nani kati ya hao wawili mwenye kura.