Uso Ukifichwa, Sauti Iseme

Je, msomaji, umewahi kupishana na jirani sokoni asikusalimu, ukarudi nyumbani ukinung'unika kwamba siku hizi ana maringo? Kama mmoja wenu alikuwa amefunika uso, huenda hakukutambua.

Barakoa zilipokuwa lazima nchini mwaka wa 2020 kwa sababu ya korona, wengi walikutana na shida hiyo. Mwaka huo huo, watafiti wa Kanada walionyesha kwamba barakoa hupunguza uwezo wa kutambua nyuso kwa karibu asilimia 15. Sababu ni kwamba ubongo haukagui jicho, kisha pua, kisha mdomo. Huutazama uso wote kwa pamoja.

Wakazi wa Garissa hawakuanza jana. Huko wanawake wengi huvaa nikabu, na mama anayeuza maziwa ya ngamia humjua mteja wake kwa sauti, mwendo, au hina ya mikononi.

Kusoma moyo wa mtu ndiko kugumu zaidi. Hofu huonekana machoni, lakini huzuni na kinyaa huhitaji mdomo. Claus-Christian Carbon wa Ujerumani aliwaonyesha watu picha za nyuso zenye barakoa mwaka wa 2020. Mara nyingi mwenye huzuni alidhaniwa ametulia, na mwenye kinyaa akadhaniwa amekasirika.

Sasa fikiria zahanati. Muuguzi ana barakoa, mama ana nikabu, na mtoto ana homa. Kila mmoja anaona macho tu ya mwenzake. Muuguzi anaweza kudhani mama hana wasiwasi, naye mama akadhani amekemewa.

Ufanye nini? Si lazima mtu afunuliwe uso. Kwanza, salimu na ujitaje jina. Pili, sema kilicho moyoni. Muuguzi aseme, "Pole mama, tutamtazama mtoto." Mama naye aseme, "Nina hofu, hajanyonya tangu jana." Tatu, usiulize swali moja ukanyamaza; mpe mwenzako nafasi ya kueleza. Nne, ukiwa na mtu asiyesikia vizuri, kumbuka kwamba huenda hutazama midomo. Tumia ishara au uandike.

Na yule jirani aliyekupita? Usimwekee kinyongo. Kesho mwite kwa jina, umsalimu wewe kwanza. Akisikia sauti yako, atakujua.