Farasi wa Kupangiwa: Mtihani Mgumu wa Pentathloni ya Olimpiki

Olimpiki ikifika, wengi wetu hapa chuoni tunangoja riadha, hasa marathoni, basi. Lakini ukibaki mbele ya tivii siku za mwishomwisho unakutana na kitu cha ajabu kidogo. Mwanaume mmoja, ndani ya saa moja na nusu, anarusha farasi juu ya vizuizi, anapigana kwa upanga, anaogelea, halafu anakimbia huku akisimama kila mara kulenga shabaha kwa bastola. Ndivyo fainali ya Paris 2024 ilivyokuwa. Mchezo wenyewe ni pentathloni ya kisasa, na kila ninayemwonesha video ananiuliza swali lilelile: sasa hivi vitu vinahusiana nini?

Vinahusiana kupitia hadithi ya askari. Mpeleka ujumbe wa jeshi amekwama upande wa adui. Anapanda farasi yeyote anayempata, hata kama hamjui, anajitetea kwa upanga na bastola, anavuka mto kwa kuogelea, anamalizia kwa miguu. Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyeanzisha Olimpiki za kisasa, aliupenda mchezo wa aina hiyo, na ukaingia rasmi Stockholm mwaka 1912. Miongo ya mwanzo ulikuwa mchezo wa maofisa wa jeshi. Mmojawapo alikuwa luteni kijana wa Kimarekani, George Patton, ambaye baadaye alikuja kuwa jenerali maarufu wa Vita Kuu ya Pili. Alishika nafasi ya tano.

Mimi nasoma ualimu, kwa hiyo macho yangu yalienda moja kwa moja kwenye usahihishaji. Mwaka 1912 walijumlisha nafasi tu: ukiwa wa kwanza kwenye kuogelea unapata 1, ukiwa wa kumi unapata 10, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Gösta Lilliehöök wa Sweden alishinda kwa 27. Waliopita kozi ya upimaji wanaliona tatizo hapo. Alama yako inategemea wenzako wamefanyaje, si wewe umefanya nini. Ukimwacha mwenzako nusu sekunde au nusu dakika, ni sawasawa. Baadaye wakahamia kwenye majedwali ya pointi, kwamba muda fulani wa kuogelea una pointi zake hata kama bwawani uko peke yako.

Halafu wakabuni kitu ambacho natamani wahadhiri wetu wangekiiga. Kabla ya hatua ya mwisho, pointi zinageuzwa kuwa sekunde. Aliyekuwa anaongoza anaanza kukimbia kwanza, na aliye nyuma yake kwa pointi 20 anaondoka sekunde 20 baadaye. Anayefika kwenye mstari kwanza ameshinda. Hakuna cha kikokotoo wala kukesha ukifungua mfumo wa matokeo.

Na hiyo hatua ya mwisho si mbio za kawaida. Paris walikimbia mita 3,000 zilizokatwa vipande vitano vya mita 600, na katikati wanasimama mara nne kulenga shabaha iliyo mita 10 mbele, kwa bastola ya leza. Lazima zipatikane tano, au sekunde 50 ziishe, ndipo uendelee. Hebu jaribu kuchomeka uzi kwenye sindano ukiwa umetoka kupanda ngazi za hosteli mbio. Enzi za risasi halisi, utulivu wa mkono uliwahi kumponza mtu: Mexico City 1968, Msweden Hans-Gunnar Liljenwall aliondolewa matokeo yake kwa kukutwa na pombe, akajitetea kwamba alikunywa bia mbili kutuliza wasiwasi. Ndiye mwanamichezo wa kwanza kuadhibiwa kwa kosa la aina hiyo kwenye Olimpiki, na timu yake ikarudisha shaba.

Upanga nao una ukatili wake. Kwenye raundi ya kupanga nafasi kila mtu anakutana na kila mtu, dakika moja, mguso mmoja. Mkiviziana tu hadi dakika ikaisha, wote mmepoteza.

Ila mada kubwa ni farasi.

Mchezaji hakuja na farasi wake. Aliyeandaa mashindano ndiye aliyeleta farasi, wakapangwa kwa kura, na mchezaji akapewa dakika 20 tu za kuzoeana naye. Kwa ile hadithi ya askari hili lina mantiki kabisa, maana vitani huchagui. Kama mtihani lakini lina shida. Fikiria darasa zima linafanya somo moja, ila kila mwanafunzi anaokota karatasi yake ya maswali kwenye kofia. Nyingine rahisi, nyingine imekataa kujibika.

Tokyo, Agosti 2021, shida hiyo ilionekana dunia nzima. Kwenye shindano la wanawake, Mjerumani Annika Schleu alikuwa anaongoza baada ya kuogelea na upanga. Akapangiwa farasi anayeitwa Saint Boy, ambaye alikuwa ameshamgomea mpandaji aliyemtangulia. Farasi akagoma tena. Schleu analia juu ya tandiko, kocha wake anampiga farasi ngumi, pointi za farasi zikawa sifuri. Kocha alifungiwa. Siku iliyofuata wanaume wakapanda kwa utaratibu uleule, dhahabu ikaenda kwa Mwingereza Joseph Choong na fedha kwa Mmisri Ahmed Elgendy, medali ya kwanza ya Afrika katika mchezo huu.

Miezi michache baadaye shirikisho la mchezo likatangaza kwamba farasi wataondolewa baada ya Paris. Wachezaji wengi walikasirika, Choong akiwa miongoni mwa waliopinga hadharani. Nawaelewa. Mtu amejifunza miaka mingi kumsoma mnyama asiyemjua kwa dakika 20, na huo ni ujuzi kweli, pengine ndio mgumu kuliko yote. Lakini mimi niko upande wa walioamua kuwaondoa. Mtihani unaotegemea karatasi uliyookota haumpimi mtu vizuri, na farasi mwenyewe hakujisajili kufanya mtihani wowote. Pia kuna gharama. Nchi ngapi zina mazizi ya farasi wa kuruka? Upanga na bastola ya leza si bei rahisi, ila angalau havili majani kila siku.

Mchezo wenyewe ulikuwa pabaya: orodha ya kwanza ya michezo ya Los Angeles 2028 ilitoka bila pentathloni. Ulirudishwa mwaka 2023, badala ya farasi ukiwa na njia ya vizuizi vya kupanda, kuning'inia na kuruka kwa nguvu za mikono na miguu yako.

Kwa hiyo tarehe 10 Agosti 2024, kwenye bustani za kasri la Versailles, ilikuwa mara ya mwisho wanaume kupanda farasi katika pentathloni ya Olimpiki. Elgendy, ambaye mwaka 2018 alikuwa bingwa wa Olimpiki ya Vijana, naye alipangiwa farasi kwa kura kama wenzake. Akamaliza na pointi 1,555, rekodi ya dunia, Mjapani Taishu Sato akifuata na Muitaliano Giorgio Malan wa tatu. Atakayetaka kumvua taji Los Angeles atalazimika kuning'inia.