Mara Hapafai Mbwa, Tabaka Panafaa

Anayetoka Nairobi kuelekea magharibi akiwa na mbwa kwenye gari hufungiwa mlango mmoja mapema sana. Akishateremka Mai Mahiu na kupita Narok, hukuta njia inayokata kushoto kwenda Maasai Mara, na huko hana ruhusa ya kuingia na mnyama wake, kwa kuwa wanyama wa kufugwa nyumbani hawaruhusiwi katika mbuga na hifadhi za Kenya. Kinachombakia ni kunyoosha: Bomet, Sotik, Keroka, mpaka Kisii mjini, mwendo wa kilomita 300 na ushei, kisha kushuka kusini-magharibi hadi Tabaka, kwenye vilima vya Mugirango Kusini ambako jiwe la sabuni huchimbwa na kuchongwa. Tabaka hakuna simba wa kulindwa wala lango la askari wa wanyamapori. Kuna machimbo, wachongaji, migomba, chai, na hewa ya baridi. Kwa hiyo mgeni anayekataliwa Mara angepaswa kuwa mgeni wa kwanza kutafutwa Tabaka na Kisii kwa jumla. Hatafutwi. Mwenye gesti akisikia neno mbwa kwenye simu hujibu haraka kwamba haiwezekani, na ukimuuliza sababu, mara nyingi hana sheria ya kukuonyesha. Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni masharti yaliyoandikwa. Huruma kwa wanyama ni jambo jingine, na haihitajiki sana hapa.

Tuanze na kuitendea haki marufuku ya hifadhini, maana wapo wanaoiona kama ubaguzi wa bure dhidi ya mbwa wa mjini. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao mbwa wa vijijini walikuwa nao kandokando ya Serengeti, uliingia mbugani na kuua simba wapatao 1,000, karibu theluthi moja ya simba wote wa Serengeti, kisha ukavuka mpaka hadi Mara. Huo ni ushahidi wa kutosha. Mbwa mmoja asiyechanjwa anaweza kupeleka porini maradhi ambayo hakuna daktari wa kuyatibu huko. Ila sababu hiyo ina mipaka yake. Inahusu mahali penye simba, mbwa mwitu na fisi. Ukishaivuka Bomet ukaingia nchi ya Wagusii, ambako kila kipande cha ardhi kina shamba na boma, hoja ya wanyamapori inakwisha, na swali linabaki kati ya mbwa na watu.

Na watu hapo ni wengi kweli. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, yaani zaidi ya 950 kwa kila kilomita mraba. Kaunti jirani ya Nyamira ilikuwa na watu zaidi ya 600,000. Hakuna nyika ya kumwachia mbwa akimbie. Kila njia ya miguu inapita nyuma ya jiko la mtu, kuna kuku, mbuzi na ndama aliyefungwa kando ya barabara, na watoto wanaotoka shule kwa makundi. Mbwa wa boma naye yupo, halishwi kwa mizani, halali ndani, na kazi yake ni kubweka usiku. Ndiye anayesemwa na kile kibao cha "Mbwa Kali" kilichopigwa misumari kwenye mageti ya nchi nzima. Mwenye gesti aliyekulia hapo akimfikiria mbwa chumbani humfikiria huyo, mwenye kupe na matope, wala si yule aliyeogeshwa Nairobi. Woga wake una msingi, kwa hiyo kumcheka ni kukosa adabu na pia ni kukosa hoja.

Msingi mzito kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Kisa cha kwanza kilichothibitishwa Kenya kilikuwa cha mbwa mmoja pembezoni mwa Nairobi mwaka 1912, na zaidi ya miaka mia moja baadaye ugonjwa bado upo. Duniani huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, na karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishatokea, mgonjwa haponi. Serikali ya Kenya ilijiwekea mpango wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kukomesha vifo hivyo, na nguzo yake kuu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika kila eneo, kwani hapo virusi hukosa njia ya kupita. Sasa tazama hoja hii inaelekea wapi. Mbwa anayesafiri na mwenyewe ndiye mbwa aliye rahisi kuliko wote kudaiwa kadi ya chanjo. Ana mwenyewe anayejulikana, ana namba ya simu, na anataka chumba. Gesti inayosema "hatupokei mbwa" haipunguzi kichaa cha mbwa hata kidogo, kwa sababu wale wasiochanjwa wanaendelea kupita nje ya ukuta wake. Gesti inayosema "leta kadi iliyogongwa muhuri na daktari wa mifugo, chanjo iwe imepita mwezi mmoja na haijamaliza mwaka" inamlazimisha mwenye mbwa kufanya kile ambacho taifa zima linakihimiza. Hapo kukubali kwa masharti kunalinda afya kuliko kukataa.

Kuna jambo jingine ambalo wanaokataa hawalifikirii, nalo ni mahali mbwa anapokwenda baada ya kukataliwa. Anabaki garini. Watu hudhani baridi ya Kisii, mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, inatosha kumlinda. Haitoshi. Madaktari wa Marekani waliopima joto ndani ya magari yaliyoegeshwa juani walichapisha matokeo yao mwaka 2005: siku ya nyuzijoto 22 tu, ndani ya gari joto lilipanda kwa nyuzi nyingine 22 hivi katika saa moja, sehemu kubwa ikiwa ndani ya nusu saa ya kwanza, na kuacha dirisha wazi kidogo hakukusaidia sana. Mbwa hatoki jasho kama mtu, hutegemea kuhema. Mwenye mbwa aliyeingia kula matoke na kuku wa kienyeji bila haraka anaweza kurudi akute balaa. Hata banda la kivuli lenye ndoo ya maji nyuma ya mkahawa lingeondoa hatari hiyo, na halihitaji mkopo wa benki.

Pingamizi la wageni wengine lina uzito wake. Wapo wanaoogopa mbwa tangu utotoni, na wapo Waislamu ambao kwao mate ya mbwa ni najisi. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Dereva wa lori wa Mombasa aliyelala Kisii ana haki ya kujua kwamba sahani yake haikupita mdomoni mwa mnyama. Lakini dawa ya hilo ni kutenga. Vyumba viwili vya chini vinavyofunguka uani, sakafu ya saruji badala ya zulia, mlango usiopita ukumbi wa chakula, na bakuli ambalo mwenye mbwa amekuja nalo mwenyewe. Gesti nyingi za huku tayari zimejengwa hivyo, vyumba vikiuzunguka ua wenye bomba la maji. Anayechukizwa na mbwa apewe ghorofa ya juu na aambiwe ukweli kabla hajalipa.

Kuhusu manyoya, harufu na shuka zilizoraruka, jibu ni amana. Mgeni aweke fedha ya ziada, arudishiwe akiacha chumba kizima. Mbwa asiachwe chumbani peke yake, maana hapo ndipo anapobweka na kutafuna.

Gumu zaidi ni lile linalosemwa pembeni, kwamba ni aibu mbwa kulala kitandani mahali ambapo mtoto wa mchongaji analala chini. Sitalikwepa. Uchongaji ni kazi ya jasho na malipo madogo: mwanamume anakata umbo kwa panga na kisu, mwanamke ameketi na beseni la maji akisugua kwa msasa mpaka jiwe liteleze, na kinyago cha kiboko kilichokamilika kinapanda gari kwenda kuuzwa Nairobi au ng'ambo kwa bei ambayo Tabaka haiioni. Elkana Ong'esa, mchongaji wa huku, ana kazi yake iliyosimama makao makuu ya UNESCO mjini Paris, lakini watalii wengi wanaopenda mawe hayo hawajawahi kulala karibu na machimbo yanakotoka. Fedha ya chumba, ya chakula na ya kijana atakayewatembeza wageni ndiyo isiyosafirishwa kwenye boksi. Mwenye mbwa, kwa kuwa hana hifadhi ya kukimbilia, ana sababu ya kukaa siku mbili mahali ambapo wengine hukaa saa mbili. Kumfukuza hakumpi mtoto yeyote godoro.

Mwenye mbwa naye asije akidhani vilima ni uwanja wake. Machimboni kuna mashimo marefu yanayojaa maji wakati wa mvua za masika, kingo zake huporomoka, na vumbi la jiwe halifai mapafu ya mtu wala ya mnyama. Mbwa afungwe kamba muda wote, na kinyesi chake kiokotwe, kwani hapo ni shambani kwa mtu. Kupe wa ukanda huu hueneza maradhi ya damu, kwa hiyo dawa ya kupe ipakwe kabla ya safari na masikio na vidole vikaguliwe kila jioni. Anayetaka kuendelea mpaka Bonde la Lambwe, kaunti jirani ya Homa Bay, ajue kwamba huko kuna mbung'o, na ndorobo, ugonjwa wanaoueneza, humuua mbwa upesi. Bora amalizie safari yake ukingo wa Manga, upande wa Nyamira.

Ni nani aanze? Si lazima kusubiri kaunti. Gesti moja yenye vyumba viwili vya uani inaweza kuandika ukurasa mmoja wa masharti: kadi ya chanjo, kamba, amana, bakuli lako, mbwa mmoja kwa chumba. Ianze Februari au Septemba, vyumba vikiwa vitupu. Ikianza Desemba, wakati Kisii nzima ya Nairobi imerudi nyumbani na hata sofa zimelaliwa, itaharibu jaribio kwa msongamano, kisha lawama zote ziangushiwe mbwa.