Alfredo de la Fé: Fidla ya Charanga Katika Enzi ya Disko

Alfredo de la Fé, aliyezaliwa Havana, Kuba, mwaka 1954, ni miongoni mwa wapiga fidla wachache walioitoa ala hiyo nyuma ya bendi ya salsa na kuiweka mbele. Albamu ya kwanza aliyoiongoza mwenyewe, Alfredo, ilitoka New York mwaka 1979, disko ikiwa imetawala kumbi za dansi za Marekani. Humo umo "Hot to Trot", wimbo wa disko unaoongozwa na fidla iliyolelewa katika muziki wa Kikuba.

Masomo yake yalianza kwa muziki wa kiklasiki. Mwaka 1962 aliingia chuo cha muziki cha Amadeo Roldán mjini Havana. Mwaka 1964 alipata ufadhili wa kusoma Warsaw, Poland. Mwaka uliofuata alipiga Carnegie Hall, New York, kisha akapata nafasi katika chuo cha muziki cha Juilliard. Mtoto wa njia hiyo kwa kawaida huishia katika okestra ya simfoni. Yeye alipotimiza miaka 12 alijiunga na charanga ya José Fajardo, mpiga filimbi Mkuba aliyekuwa amehamia Marekani, na huko ndiko alikojifunza kazi iliyomjengea jina.

Charanga ni bendi ya dansi iliyokua kutokana na danzón, muziki wa dansi wa Kikuba, mwanzoni mwa karne ya 20. Huwa na filimbi ya mbao, fidla mbili au zaidi, piano, besi, ngoma za timbales na tumba, na güiro, yaani kibuyu chenye mikato kinachokwanguliwa kwa kijiti. Tarumbeta hazimo. Kwa hiyo kazi ambayo kwingine hufanywa na vyombo vya kupuliza huziangukia fidla, na si kazi ya kupamba. Wimbo unapofika montuno, pale mwimbaji anapobuni maneno na wenzake wakimwitikia, fidla hushika kifungu kifupi kiitwacho guajeo na kukirudia bila kuchoka, sauti zake nyingi zikiangukia kati ya mapigo badala ya juu yake. Uta husuguliwa kwa mikato mifupi mifupi, na fidla hugeuka kuwa sehemu ya midundo, jirani ya tumba. Anayeutafuta uzuri wa fidla katika sauti ndefu za kuvutwa tu hukosa nusu ya kinachotendeka humo. Orquesta Aragón, iliyoanzishwa Cienfuegos mwaka 1939, ndiyo iliyoutangaza zaidi mtindo huu duniani. Chachachá nayo ilitoka katika charanga mwanzoni mwa miaka ya 1950, mikononi mwa mpiga fidla, Enrique Jorrín.

Mwaka 1972 de la Fé aliingia katika bendi ya mpiga piano Eddie Palmieri. Bendi hiyo ilisimama juu ya tromboni, sauti nzito na kali, na fidla moja ingeweza kumezwa kabisa humo. Haikumezwa. Katika The Sun of Latin Music, albamu iliyopata tuzo ya kwanza kabisa ya Grammy kwa muziki wa Kilatini, fidla yake inasikika ikijibizana na vyombo vya kupuliza kama mwenzao. Mwaka 1977 alihamia bendi ya salsa ya Típica 73, na mwaka 1978 alikwenda nayo Havana kurekodi Intercambio Cultural pamoja na wanamuziki waliobaki Kuba. Kimuziki safari hiyo ilikuwa ushindi. Kikazi iliigharimu bendi sana, kwa sababu wahamiaji wengi wa Kikuba nchini Marekani waliiona kama ishara ya kumuunga mkono Fidel Castro, na maonyesho yakaanza kukauka.

Wakati huohuo disko ilikuwa imejaa fidla, ila kwa namna nyingine kabisa. Sauti hiyo ilijengwa zaidi Philadelphia, katika studio ya Sigma Sound, na kikosi cha MFSB, ambacho wimbo wake "TSOP" ulishika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1974. Chini, ngoma kubwa ya dramu hupigwa katika kila moja ya mapigo manne, na matoazi hufunguka katikati yake. Juu, kundi kubwa la fidla hupanda na kushuka, humjibu mwimbaji na kujaza nafasi baina ya beti. Fidla hizo ni kama pazia la ukumbi: linapendezesha jukwaa, lakini mchezo unaendelea bila lenyewe kucheza. Mpigaji mmoja mmoja hana jina humo.

Kukutana kwa mitindo hii miwili hakukuwa bahati nasibu. Mchezo wa hustle ulianza kwa vijana wa Kipuertoriko wa South Bronx mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla Van McCoy hajaufanya ujulikane kote kwa "The Hustle" mwaka 1975. Vincent Montana, mpiga vibrafoni wa MFSB, aliiongoza Salsoul Orchestra, iliyoweka tumba za Kilatini chini ya fidla za Philadelphia. Na mpiga fidla Mmarekani Eddie Drennon, aliyewahi kufanya kazi na mwanamuziki wa rock and roll Bo Diddley, alitoa "Let's Do the Latin Hustle", wimbo ulioingia katika chati za Uingereza mwaka 1976. Kwa hiyo de la Fé hakuwa wa kwanza kuoanisha fidla, midundo ya Kilatini na disko.

Mchango wake ni katika kuipa fidla madaraka. Katika "Hot to Trot" dramu na besi zinafuata kanuni za disko, lakini aliye mbele ni mpigaji mmoja mwenye jina na sauti yake, aliyetoka katika shule ya guajeo. Hilo lina uzito wake, maana mapigo manne yaliyo sawa yana hatari ya kuua mvutano unaoupa muziki wa Kikuba uhai. Fidla inayojua kuingia kati ya mapigo huurudisha mvutano huo. Nyimbo nyingi za Kilatini zilizovalishwa disko miaka ile zimechakaa kwa sababu hazikuwa na chombo cha kufanya kazi hiyo.

Disko ilianza kuporomoka Marekani katika nusu ya pili ya mwaka huohuo wa 1979. De la Fé hakuporomoka nayo, kwa kuwa hakuwa ameitegemea. Alipiga na kikundi cha jazi ya Kilatini cha Tito Puente, na fidla yake imo katika On Broadway ya mwaka 1983. Alirekodi pia Para África con Amor kwa lebo ya Sacodis, iliyolenga wanunuzi wa Afrika Magharibi. 

Mwaka 1983 alihamia Kolombia, ambako alirekodi Made in Colombia na kuipeleka fidla katika vallenato, muziki ambao kwa desturi huongozwa na akodiani. Ni mbinu ileile aliyoitumia katika disko: kuingia katika muziki wenye kiongozi wake na kuifanya fidla iongoze.

Anayetaka kumfahamu kwa masikio aanze na The Sun of Latin Music, aendelee na Intercambio Cultural, ndipo aifikie Alfredo. Kwa mpangilio huo "Hot to Trot" haitasikika kama wimbo wa msimu, bali kazi ya mpiga charanga aliyekomaa.